Hodi Kutoka Chini ya Sakafu

Haya yalimkuta shangazi yangu, dada mkubwa wa baba, mwanamke mcheshi aliyependa wageni kuliko usingizi.

Alikuwa amerithi nyumba ya kale ya mawe, yenye kuta nene na dari za juu. Msimu wa joto ilikuwa tanuri. Msimu wa baridi meno yaligongana humo ndani. Na kwa kuwa nyumba hiyo ililindwa na serikali kama jengo la kale, hakuruhusiwa kutoboa kuta aweke viyoyozi. Ndipo akasikia habari za mafundi wanaochimba mashimo membamba uani, wakashusha mabomba ya maji hadi kule ambako ardhi haijui kiangazi wala kipupwe, kisha mashine ikaleta ubaridi au joto la huko hadi vyumbani.

"Siku moja ardhi itatula sote," alitania. "Acha itutumikie kwanza."

Fundi mkuu, aliyeitwa Keekee, alianza kazi asubuhi tulivu. Alipokuwa akifungua mdomo wa shimo kwa sururu, akasita. Akamwita shangazi pembeni.

"Mama, humu kuna mtu."

Fuvu lilikuwa limelala upande, kama la mtu anayesikiliza.

Shangazi akatupa jicho getini. Watu wa mambo ya kale wakijua, kazi ingesimama. Na wakwe, wazazi wa mchumba wa binti yake, walikuwa waje wiki iliyofuata kujitambulisha.

"Mfukie," akanong'ona. "Chimba hapo hapo."

"Hata dua, mama?"

"Fundi, fukia."

Keekee alitii. Mabomba yakashushwa, saruji ikamiminwa kuyazunguka. Tangu hapo hakumtazama shangazi usoni.

Wakwe walipofika, jua la mchana liliwaka nje, lakini sebuleni kulikuwa na ubaridi mtamu. Wakasifu. Shangazi akanawiri kwa sifa.

"Hodi."

Sauti ndogo, ya adabu. Ilitoka kwenye tundu la sakafuni lililoleta ubaridi ule.

Vikombe vikasimama hewani.

"Ni maji kwenye mabomba," shangazi akasema, akacheka. Alicheka peke yake.

"Hodi, jamani."

Binti yake akamsogelea. "Mama," akanong'ona, "maji hayasemi jamani."

 Jasho lilimtiririka shangazi katika baridi ile. Alijua. Akainamisha kichwa.

"Hodi."

Safari hii ilikuwa sauti ya aliyechoka kusimama.

Mama wa bwana harusi mtarajiwa, mwanamke wa heshima zake, akashindwa kuvumilia. "Mnamwacha mtu mlangoni? Karibu, mwenzetu."

Mashine ikazimika.

Hakuna aliyeonekana. Ila zulia lilibonyea. Hatua. Hatua nyingine. Zikawapita wageni. Zikamwendea shangazi. Zikakoma.

Mkono wake wa kulia ukainuka wenyewe, kama wa mtu anayesalimiwa.

"Nisamehe," akanong'ona. "Nilikuona. Nikasema ufukiwe kama taka."

Aliyasema hayo mbele ya wakwe. Chai ikaachwa ipoe. Harusi ilifungwa baadaye, lakini ilifungwa kwingine, na mama yule hakukanyaga tena nyumba ile.

Kesho yake Keekee alifukua. Shangazi alichutama ukingoni, sanda mikononi, tayari kumzika mtu yule kwa heshima. Walikuta saruji. Wakakuta mabomba. Mfupa hata mmoja hawakuuona. Sanda ikarudi kabatini, na aibu ikakosa pa kuzikwa. Mabomba yalikatwa, tundu likazibwa.

Juzi nilikwenda kumjulia hali. Alinipokea mlangoni, mkono wa kulia kaufunga ndani ya mtandio.

"Shikamoo, shangazi," nikasema, nikampa mkono kwa mazoea.

Akasita, kisha akautoa. Ulikuwa baridi, wenye unyevu, kama jiwe la ndani ya kisima. Akaona haya. Akauchomoa upesi, akaurudisha ndani ya mtandio, akageuza uso ukutani.

Nami nikabaki pale mlangoni, kiganja wazi, nikishindwa kurudisha mkono wangu.

Bado ulikuwa umeshikwa.