Nisalimie Watu wa Marzia

"Mwalimu, Marzia ni mji wa upande gani?"

Aliyeuliza katika darasa letu la Kiitaliano alikuwa Tamta. Ni Mjojia anayemhudumia bibi mmoja mzee hapa Modena, na alikaa dawati moja nami. Mwalimu Loredana alikuwa ametoka kutufundisha kwamba ukienda mjini unasema "a", ukienda kwa mtu unasema "da".

"Kwa nini unauliza?"

Tamta akasoma ujumbe wa mchumba wake Fabrizio, dereva wa lori: "Stanotte dormo da Marzia."

Mwalimu akashusha sauti. "Marzia ni jina la mwanamke, Tamta. Anasema usiku huu analala kwake."

Kuna mtu nyuma alicheka, akajizuia. Uso wa Tamta uliiva mpaka masikioni. Nilijua kinachomchoma. Kila alipopata ujumbe ule alijibu: "Safari njema mpenzi, nisalimie watu wa Marzia."

Tulipotoka alimpigia pale pale kwenye ngazi, simu ikiwa kwenye spika.

"Marzia ni nani?"

Fabrizio hakukana. Alisema hajawahi kumdanganya, kila mara alimwambia alipo.

"Ulijua sielewi."

"Mwanzoni sikujua. Ulipojibu vile, nikaona bora niache hivyo hivyo."

"Yeye anajua ninavyokujibu?"

Akaanza kuzungumzia foleni ya barabarani.

"Fabrizio."

"Nilimsomea. Akacheka."

"Na wewe?"

"Na mimi."

Tamta akakata simu. Hakulia. Alijifunika uso kwa skafu kana kwamba mtaa mzima ulikuwa umesoma zile meseji.

Jumapili Fabrizio alikuja na maua, akasimama mlangoni kwa yule bibi akiapa kwamba ameachana na Marzia. Tamta alishuka, akamrudishia pete.

"Kulala kwake labda ningekusamehe," alisema. "Lakini mimi nilikuwa najifunza Kiitaliano ili nikae na mama yako mezani bila kukuaibisha. Wewe ukanigeuza kichekesho kitandani kwa mwanamke mwingine."

Fabrizio aliinamisha kichwa, akaondoka na maua yake.

Darasani Tamta hakuonekana. Nilipomfuata aliniambia aibu ndiyo inayomzuia, si huzuni. Nikamsihi, siku nyingine nikamsihi tena. Mwishowe alikuja, akapita bila kumtazama mtu, akaketi safu ya nyuma kabisa. Koti lake hakulivua kipindi kizima.