Dawa ya Tochi

Jioni ile Risasi alikuwa na kazi ndogo tu: kumpitia binti yake kwenye masomo ya ziada, kisha warudi nyumbani. Mkewe alimwambia tangu usiku uliotangulia, kwa sauti ya mtu aliyechoka kusema.

"Umpitie kabla giza halijaingia. Na uendeshe kama mtu mwenye mtoto."

Hilo la pili ndilo lililomkera. Akalala amempa mgongo.

Risasi lilikuwa jina la barabarani, na alilivaa kama nishani. Kazi yake ilikuwa kusambaza mayai madukani kwa gari dogo la bosi wake, na ingawa mzigo wenyewe ni wa kubembelezwa, yeye aliukimbiza kama anayesomba kokoto. Yai halivunjwi na mwendo, alizoea kusema, huvunjwa na breki. Ndiyo maana breki hakuipenda. Ukimwambia haraka haraka haina baraka, alikujibu kwamba polepole nayo haina mshahara.

Alikuwa na maadui wawili duniani. Wa kwanza ni kibao cha hamsini kilichosimama kabla ya shule ya binti yake, mahali ambapo barabara ni pana, lami safi, imenyooka kama rula. Kwenda hamsini pale, kwake, lilikuwa tusi. Wa pili ni afande mmoja, mwanamke mwembamba asiyecheka, aliyejibanza nyuma ya ua wa michongoma akiwa na tochi mkononi, kile kidude cha kupimia mwendo wa magari. Risasi alimchukia kwa moyo wake wote. Alimwita mchawi. Nani mwingine hujificha kichakani akingoja watu wakosee?

Madereva wa njia ile walikuwa na kinga yao: kuwashiana taa. Mwenzako anayetoka mbele akikupiga taa mchana kweupe, unajua tochi ipo. Unakanyaga breki, unampita afande na uso wa mtu aliyetoka kusali, kisha mguu unarudi palepale chini. Kwamba kivuko cha wanafunzi kiko mbele ya afande, pale hasa mguu unaporudi chini, hilo halikumsumbua mtu. Walijiita ndugu kwa zile taa zao. Undugu wa kulindana na sheria, si wa kumlinda mtoto wa mtu.

Lakini afande naye hakuzaliwa jana. Alianza kuhama vichaka. Risasi akadakwa, akadakwa tena, mpaka bosi akamwambia kwamba kosa jingine moja tu, ufunguo auache mezani. Ndipo dereva mwenzake akamnong'oneza habari za mama wa tinti.

Mama huyo alibandika karatasi nyeusi kwenye vioo vya magari, katika chumba kimoja nyuma ya gereji. Chumba kilinuka gundi, na chini ya gundi kulikuwa na harufu nyingine... ya nywele zilizoungua. Ukutani alitundika vioo vya pembeni vya magari yaliyokwisha kufa. Vyote vilikuwa vimegeuziwa ukutani. Alimpa unga wa kijivu kwenye kifuniko cha chupa, akasema kwa mnong'ono bila kumtazama:

"Paka kwenye namba. Gari tu. Wewe usijipake."

Risasi akaitikia kama mtu anayesikia. Sikio la kufa halisikii dawa. Alipofika garini akaanza kupiga hesabu. Yule mama anajua vioo, hajui barabara. Tochi za siku hizi hazisomi namba tu, hupiga na picha ya dereva, sura yako yote na kidevu chako. Itafaa nini namba ifichike halafu sura ianikwe? Alipomaliza kupaka namba, akachovya kidole kwenye unga uliobaki, akajipaka kwenye paji la uso.

Ulikuwa baridi. Alipojitazama kwenye kioo, haukuwepo. Ulikuwa umeshaingia ndani.

Na dawa ikafanya kazi, hilo lazima lisemwe. Siku ya kwanza alipita mbele ya afande kwa mwendo wa kuilaza michongoma. Afande aliitazama tochi, akaitazama barabara, akapiga miayo. Risasi alicheka hadi machozi. Akaanza kumpita kwa kusudi, huku na huko, amekandamiza honi, na ule uso mwembamba haukugeuka. Raha aliyoisikia si ya mtu anayewahi kazi. Ilikuwa raha ya kumtia mtu kidole machoni.

Kisha watu wakaanza kukosa adabu.

Ndivyo alivyoliona yeye. Kwenye kituo cha mafuta kijana wa pampu alimruka, akahudumia gari la nyuma. Dukani, akiwa amesimama mbele ya kaunta na trei za mayai mikononi, mwenye duka alimwambia mteja kwamba mtu wa mayai hajafika leo. Risasi alizibwaga trei pale akatoka akitukana. Na asubuhi ya siku hii tunayoisimulia, mkewe alipishana naye ukumbini bila hata salamu. Amenuna, akawaza, na yeye kununa alikujua. Akakaa mezani kimya. Binti yake alikuwa mbele yake akinywa chai, macho yake yakipita begani kwa baba yake kuelekea dirishani.

"Mama, baba ameshaondoka?"

"Si unaujua mwendo wake," mkewe akajibu kutoka jikoni.

Risasi aliona wamepanga kumdhihaki. Akaondoka amefura.

Alasiri ndipo taa zilipoanza. Gari lililotoka mbele lilimpiga taa, naye akajibu kama ilivyo desturi. Likaja la pili. La tatu. Alitafuta tochi kila kichaka, hakuona askari. Halafu akaangalia vizuri magari yenyewe.

Hayakuwa na namba.

Pale pa namba palikuwa na doa la kijivu. Ndani, madereva walikaa wima, wanatazama mbele tu, hawapepesi macho, na kila mmoja ana doa hilohilo kwenye paji la uso. Walikuwa wengi. Barabara aliyokuwa akiiona tupu siku zote ilikuwa imejaa wao, na magari ya watu wa kawaida yalipita katikati yao bila kujua. Hakuna hata mmoja aliyepunguza mwendo, wala kwenye tuta.

Akageuza gari kwenda kwa mama wa tinti.

Alimkuta ameupa mlango mgongo, anakata karatasi. Aliuliza kabla Risasi hajafungua mdomo.

"Ulipaka wapi?"

"Kwenye namba."

"Na wapi?"

"Na... kidogo tu. Usoni."

Mkasi ukasimama. Harufu ya nywele ikazidi.

"Basi ndiyo maana sikuoni," mama alisema taratibu. "Nakusikia tu. Kesho hata kukusikia sitakusikia."

Risasi alimwomba, akamtisha, akamwomba tena. Alijikuta amepiga magoti kama mtoto na akaona aibu, ingawa hapakuwa na wa kumwona. Mama alimwacha amalize.

"Maji hayautoi. Akuone yule uliyemkimbia. Akuone leo, kabla giza halijashika. Likishashika, utabaki nao."

"Nao kina nani?"

Mkasi ukaendelea kukata.

Alitoka mbio. Na msomaji asishangae nikisema alikuwa na furaha kidogo. Kwani kazi ni nini? Kukamatwa tu. Mtu aliyekamatwa bila kutaka atashindwaje kukamatwa akitaka? Akawasha gari, akashika njia ya shule. Nyuma, trei za mayai zilikuwa zinagongana. Jua lilikuwa limeshagusa mapaa.

Afande alikuwepo, nyuma ya michongoma. Risasi hakuwahi kufurahi kumwona mtu namna ile. Akakanyaga mafuta hadi mwisho, akampita huku anapiga honi na taa.

Afande aliendelea kujikuna shingo.

Akageuza. Akapita tena, kwa kasi zaidi. Safari hii alishusha kioo, akapaza sauti kumwita, akamtukana matusi yote aliyomwekea miaka yote hiyo. Hakuna. Tochi ilikuwa imeelekezwa kwenye gari lake, na juu ya kioo chake kidogo hapakusomeka kitu. Matusi yakamwishia. "Afande," akajikuta anasema, "niandikie. Niandikie nakuomba."

Mwanga ulikuwa unapungua. Mikononi mwake usukani ulianza kuonekana kupitia vidole.

Akageuza mara nyingine, akaliachia gari. Kibao cha hamsini kikapita. Michongoma ikapita. Ndipo macho yake yalipoangukia kivukoni.

Binti yake.

Alikuwa amesimama ukingoni na mkoba mgongoni, anamngoja baba yake. Alitazama kulia, akatazama kushoto, akarudia kutazama kulia, kama alivyofundishwa. Akaona barabara tupu. Akaona afadhali avukie upande wa pili, akamngojee kule chini ya taa ya barabarani. Akashuka lami.

Risasi alisimama juu ya breki kwa miguu yote miwili.

Gari lililia, likayumba, likasimama hatua moja kutoka kwake. Nyuma, mayai yalipasuka yote kwa pamoja. Binti alisimama katikati ya barabara, akanusa. Harufu ya mpira ulioungua. Akatazama moja kwa moja kwenye kioo cha mbele, kwenye uso wa baba yake, na hakuona kitu. Alijua kuna kitu pale. Hakujua akimbilie wapi.

"Ondoka barabarani," Risasi alinong'ona. "Ondoka, mama. Ondoka."

Kutoka upande wa pili, mbele, taa ziliwaka.

Mara moja... zikazimika. Zikawaka tena.

Ilikuwa ni salamu. Ndugu anamjulisha ndugu yake kwamba afande yuko hapo. Gari lilikuja bila namba, dereva wake wima, paji lake la kijivu, na lilikuwa linakula barabara. Risasi hakuwa na haja ya kujiuliza kama litapunguza. Alimjua dereva yule kama anavyoujua mguu wake mwenyewe. Angeona kivuko, angeona mtoto, na angejiambia kwamba mtoto atakimbia. Watoto hukimbia. Mara ngapi yeye mwenyewe amejiambia hivyo, mahali hapohapo?

Naye binti hakuliona. Nani angeliona?

Risasi akazungusha usukani. Akamzunguka mtoto, akaingiza gari lake upande ule mwingine, akaliweka mshazari katikati ya njia. Hakukimbia. Tangu apewe leseni hakuwahi kuendesha polepole vile, wala kwa uangalifu vile. Kisha akazima injini, akageuza uso kumtazama binti yake.

Tochi ya afande ikalia.

Yaliyobaki alikuja kuyasimulia afande mwenyewe, siku alipoacha kazi. Anasema kidude kilipolia alikiangalia, na hakikuwa na mwendo wowote: kilisoma sifuri. Akainua macho. Aliona gari dogo limesimama mshazari, na mtu kwenye usukani ambaye sura yake aliikumbuka vizuri, maana ilikuwa imemtukana mara nyingi. Alimwona kabisa. Akachomoa kitabu chake cha makosa na kupiga hatua kumfuata. Hapo hapo giza likashika, kikasikika kishindo cha chuma kugongana na chuma, na barabarani hapakuwa na gari.

Palikuwa na mayai.

Yalitapakaa lami nzima, kiini na maganda, mpaka kwenye viatu vya yule binti. Trei zilisambaa zikiwa na alama ya wino ya bosi. Hapakuwa na kipande cha kioo, wala tone la damu. Mtoto alichuchumaa, akaokota trei moja, akaikumbatia, akaanza kuita. Aliita mpaka mama yake alipokuja kumchukua. Mama alitazama trei, akakaa chini ukingoni mwa barabara.

Kama alionwa kwa wakati au giza lilimtangulia, hakuna ajuaye. Chumba cha mama wa tinti kilikutwa kitupu, na ukutani misumari mitupu. Siku hizi madereva hupita pale hamsini, wengine arobaini, tena bila askari wala kichaka. Usiwasifu. Si sheria waliyoiheshimu, wala si watoto waliowahurumia. Wanaogopa tu, na wakishapita mguu hurudi chini kama zamani.

Binti bado anavuka pale kila jioni. Husimama ukingoni hata kama barabara ni tupu kabisa, akangoja. Wenzake humcheka. Anangoja mpaka, pale mbele ya kivuko ambapo hapana gari, taa ziwake mara moja na kuzimika.

Ndipo huinua mkono kushukuru, akavuka.