Lenzi Ndefu ya Santa Rosalba

Jumatatu asubuhi Zulmira Tapullima, mpimaji wa damu, alivua kitambaa kinachofunika hadubini ya zahanati ya Santa Rosalba, akaona tundu. Kwenye kizungushio kinachobeba lenzi, tatu fupi zilikuwapo. Ya nne, ile ndefu, ilikuwa imefunguliwa na kuondolewa. Hakugusa kitu. Alimwita mumewe, daktari Fermín Ahuanari, mkuu wa zahanati, naye hata kabla hajaingia chumbani alishampata mwizi: Wenceslao.

Wenceslao Sangama alikuwa mkaguzi wa mabwawa ya samaki, mtu wa maneno mengi, mwenye chongo tangu utotoni. Jumamosi aliazima ufunguo wa maabara ili atazame chawa wa samaki kwa hadubini. Hilo lilitosha. Saa nne alikuwa amekaa kwenye benchi la maabara, pingu mikononi, na boti ya saa sita ndiyo ingempeleka gerezani mjini Iquitos. Mvua ilipiga bati. Nje, wenye homa walijaa varandani, maana bila lenzi ile hakuna wa kuona kijidudu cha malaria ndani ya damu.

Sajini wa polisi Nérida Pinchi hakutulia. Alizunguka meza, akajikuna alipoumwa na mbu, akachungulia mtoni, akarudi. Kumpandisha mtu botini ni rahisi. Kumrudisha ndiyo kazi, na yeye alishawahi kuona watu wakisahaulika kule. Akamuuliza Zulmira huiachaje mashine akimaliza kusoma damu.

Zulmira alieleza huku akionyesha kwa kidole, bila kugusa. Damu hupakwa rangi ya zambarau, nayo hutaka mwanga mwingi. Kwa hiyo kile kikusanya mwanga kilicho chini ya jukwaa hupandishwa juu kabisa, na kiwambo chake hufunguliwa. Tone la mafuta huwekwa juu ya slaidi, kile kioo chenye damu, lenzi ndefu iguse mafuta, kisha picha hufanywa iwe wazi kwa skurubu ndogo tu.

"Na skurubu hii kubwa?" sajini aliuliza.

"Hiyo ni ya lenzi fupi, afande. Ukiizungusha na lenzi ndefu imekaa, jukwaa linapanda mpaka linagonga. Utavunja slaidi, na lenzi yenyewe utaipasua."

Sajini aliinama. Kikusanya mwanga kilikuwa kimeshushwa chini, na kiwambo kimeachwa na upenyo mdogo.

"Hivi si mimi," Zulmira alisema. "Hivi ni mtu aliyetazama kitu kibichi, cha majimaji, kisichopakwa rangi. Ukikimulika sana hukioni."

"Kama chawa wa samaki," daktari alidakia. "Sasa mnangoja nini?"

"Chawa wangu nawaona kwa lenzi fupi, daktari," Wenceslao alisema. "Wamenenepa kama wewe. Ile ndefu niitakie nini?"

Daktari alianza kufoka kuhusu heshima. Sajini alimwacha afoke. Alikuwa ameona kitu kinachometa chini ya kibano kinachoshikilia slaidi jukwaani, akakitoa kwa ncha ya wembe. Kilikuwa kipande cha slaidi iliyovunjika. Hakikuwa na zambarau, wala mafuta. Basi hapakuwa na wizi wa kwenda kuuza. Mtu alivunja, akaficha. Lakini mtu gani? Wenceslao alisema alimrudishia daktari ufunguo Jumamosi ileile, na daktari akakiri, huku akisisitiza kwamba wakati huo lenzi ilikuwa imeshaondoka.

Sajini aliwasha taa ya hadubini, akaweka macho kwenye mirija miwili ya kutazamia. Aliona maduara mawili ya mwanga, mbalimbali. Alisugua macho, akatazama tena. Yalikuwa mawili vilevile. Akamwita Zulmira atazame, asisogeze chochote.

"Hata mimi naona mawili," Zulmira alisema. "Imetanuliwa mno. Kila mtu huisogeza mirija mpaka ilingane na macho yake, ndipo..."

Wenceslao naye aliinuliwa benchini, bado ana pingu, akatazama. "Mimi hata mkiitanua mpaka Brazili naona duara moja, afande. Jicho ni hili tu. Sijawahi kuisogeza mirija hiyo, ya nini?"

"Na wewe, daktari. Maduara mangapi?"

Fermín Ahuanari alikuwa mtu wa uso mpana na macho yaliyoachana, mwenye haraka ya kuonyesha kwamba anajua. Aliinama mara moja tu.

"Moja. Safi kabisa. Haya, hilo linathibitisha nini?"

"Kwamba wa mwisho kuisogeza mirija ni wewe," sajini alisema. Daktari alimtazama mkewe, kisha mirija, kisha sajini. Sajini alimfungua Wenceslao pingu.

"Lenzi iko wapi?"

"Mtoni," daktari alisema. "Ilipasuka. Jana. Sikujua ile skurubu..."

"Ukamsingizia jirani yetu Wenceslao," Zulmira alisema. Sauti yake ilikuwa chini sana. "Fermín, wewe husomi damu. Ulikuwa unatazama nini?"

Daktari aliifunika hadubini kwa kitambaa chake.

"Mbegu zangu za kiume," alisema. "Kwa lenzi fupi sikuona kinachotembea. Nikadhani ni udogo wa lenzi, nikaweka ndefu. Hakuna kitu, Zulmira. Hakuna hata kimoja."

Zulmira alishika ukingo wa meza. Miaka tisa mama mkwe alikuwa akimchemshia magome machungu na kumwita mti mkavu, asiyezaa, mbele za watu, sokoni na kanisani, na mume huyu alikaa pale pale akisikia tu. Hasira ilimpanda, lakini hakulia.

Sajini alitoa kalamu, akasita. Alimwambia Zulmira kwa upole kwamba ataandika kuhusu lenzi iliyovunjwa na uongo juu ya Wenceslao. Hayo mengine ni ya nyumbani, anaweza kuyaacha.

"Hapana, afande," Zulmira alisema. "Andika yote. Kisha nipe nakala, nimpelekee mama yake."