Ukuta Uliokuwa wa Nje

Mvua ilikuwa haijanyesha kwa majuma matatu, lakini asubuhi ile ukuta wa chumba kipya ulikutwa umelowa. Haukulowa wote. Ilikuwa sehemu moja tu, yenye upana wa mabega na kimo cha mtu mzima.

Mshonaji, mwenye nyumba, aliupapasa akanusa vidole. Harufu ya udongo uliopigwa na mvua.

“Mwanangu,” mama yake alisema kutoka kitandani, “umenijengea chumba au kibaraza? Kuna mtu ameniegemea ukuta usiku kucha, hata salamu hana.”

Alicheka. Mshonaji naye alicheka, ila si sana.

Chumba hicho alikiongeza nyuma ya nyumba kwa ajili ya mama huyo, ambaye miguu ilikuwa imemkataa na kupanda ngazi hawezi tena. Matofali ya saruji, bati la geji ishirini na nane, rangi ya kuzuia maji: kila alipofika dukani bei ilikuwa imepanda. Fedha zilipobaki za kazi moja tu, ilibidi achague. Apige lipu kuta mpya kwa nje, au abandue lipu ya kokoto kwenye ukuta wa zamani, ambao sasa ulikuwa ndani ya chumba? Alichagua nje, panapoonekana na majirani.

Mwashi alimwonya.

“Bosi, ukuta wa nje ukiuingiza ndani, tunaubandua mpaka tofali lionekane. Ndivyo tulivyofundishwa.”

“Kwa urembo tu?”

“Wapo waliozoea kuuegemea. Usipoubandua, wanaingia nao.”

“Sema unataka hela zaidi.”

Mwashi alifunga mfuko wake wa vifaa, akaenda zake.

Sasa alama ile kwenye ukuta wa zamani ililowa kila siku, na kila siku ilikuwa imesogea kuelekea kitandani. Siku ya sita mama hakutania.

“Ananipumulia,” alinong’ona. “Pumzi ya baridi.”

Mwashi aliitwa, akaja na nyundo, tindo na konzi ya chumvi.

“Mtoe mama kwanza,” alisema kwa sauti ya chini. “Nikimnyang’anya ukuta, atatafuta kingine cha kuegemea.”

“Sitoki,” mama alisema. “Nimehamishwa vya kutosha. Nitajifunika shuka.”

Mshonaji alimwonea huruma. “Mwache. Ni kazi ya saa moja.”

Tindo likapiga, kokoto zikamwagika, na ingawa jua la adhuhuri liliwaka juu ya bati, chumba kikajaa harufu ya mvua, kikapoa kama kisima, na lilipodondoka pande la mwisho, lile lenye alama, kitu kilishusha pumzi ndefu, pumzi ya mtu aliyesimama miaka mingi na hatimaye amepata pa kuketi.

Ukuta ukakauka. Mwashi alitazama kitandani, akakusanya vifaa vyake, akaondoka bila kudai ujira.

Tangu siku hiyo mama anatembea. Fimbo yake ya kutembelea ameitupa. Kila alfajiri hutoka, akasimama nyuma ya nyumba, mgongo kwenye lipu mpya, macho wazi, mpaka giza liingie.

“Mama, ingia ndani, jua linakuunguza.”

“Mimi nimezoea nje,” hujibu, kwa sauti isiyojua utani.

Na anapobanduka, ile rangi ya kuzuia maji hubaki imelowa, upana wa mabega.