Mfungo wa Siri wa Eveline

Jua lilipoanza kupasha moto vilima vya Iringa, Eveline alikuwa amekwisha kufagia uwanja, kuchota ndoo mbili za maji na kumwamsha mdogo wake. Alikuwa na miaka kumi na mitatu, na kwa kazi za mikono hakuna aliyemshinda. Jioni akitoka shule, alimsaidia mama yake kuchuma nyanya na kuzipanga kwenye matenga, tayari kwa magari ya barabara kuu.

Jambo moja tu lilimtesa. Jumapili ile, vijana wa kipaimara wangeulizwa maswali ya imani mbele ya usharika mzima. Mchungaji huuliza, na kijana husimama peke yake akajibu kwa sauti. Anayeshindwa husubiri mwaka mwingine, akiwatazama wenzake wakipiga magoti madhabahuni katika mavazi meupe.

Eveline aliyajua majibu yote. Lakini Jumatano, siku ya mazoezi, Mwinjilisti Anania alipomwita, ulimi ulimkauka. Alisimama kama nguzo.

"Jamani, mpeni maji, koo limeshika kutu!" kijana mmoja akasema kutoka nyuma. Darasa likaangua kicheko.

Njiani, rafiki yake Bupe, ambaye familia yake ilihamia kutoka Mbeya, alijaribu kumtuliza. "Achana naye, Eve. Si ndiye aliyesema juzi kwamba Musa ndiye aliyejenga safina?"

Eveline hakucheka. "Mwenye imani haogopi, Bupe. Mimi naogopa. Maana yake sina imani."

Usharikani kwao, watu wazima hufunga kula wanapokuwa na jambo zito la kumwomba Mungu. Eveline akaamua kufunga siku tatu bila kumwambia mtu yeyote, mpaka woga wote umtoke. Alhamisi asubuhi alimmiminia mdogo wake uji wake. Mchana alimsogezea Bupe makande, akisema ameshiba. Jioni ugali wake uliliwa na mbwa. Ijumaa akafanya vivyo hivyo. Kila mara aliomba sala ile ile: "Mungu, niondolee woga." Lakini woga ulikaa pale pale, na sasa njaa ilikuwa imekuja kuusaidia.

Jumamosi asubuhi aliinua tenga la nyanya. Shamba likazunguka, macho yakaingia giza, akaanguka. Nyanya zikabingirika mpaka mtaroni.

Mama yake alikuja mbio. "Eveline! Umekula nini leo?"

Eveline akainuka, akaanza kuokota nyanya.

"Na jana?"

Eveline akaanza kulia, akaeleza yote. Alingoja kufokewa kwa ajili ya nyanya zile. Badala yake, mama alimshika mkono hadi jikoni, akamkorogea uji wa ulezi.

"Kunywa kwanza. Mahubiri baadaye."

Kikombe kilipokwisha, mama aliketi karibu naye. "Sisi tukifunga, tunaambiana na tunaombeana. Tena hakuna anayemfungisha mtoto anayekua. Wewe umemgomea Mungu, mwanangu. Umemwambia, usiponipa ninachotaka, sili."

"Lakini nilimwomba, mama."

"Ulimwambia unaogopa nini hasa?"

"Si anajua?"

"Yeye anajua. Wewe ndiye uliyekuwa hutaki kukitazama unachokiogopa. Haya, mwambie."

Eveline akafumba macho. Maneno yalitoka moja moja. "Mungu, naogopa kusahau. Naogopa watanicheka tena. Naogopa mama ataona aibu."

"Aibu? Mimi?" Mama akacheka kwa upole. "Kwenye kipaimara changu nililia hadi mchungaji akanipa leso yake! Sasa sema amina, kisha inuka. Tuna kazi."

Mchana, baada ya chakula, waliomba ufunguo wa kanisa kwa Mwinjilisti Anania. Eveline alisimama mbele kabisa akitamka majibu yake, na mama akaketi kwenye benchi la mwisho, mlangoni.

"Sikusikii!" mama akaita.

Eveline akarudia.

"Bado! Anayekusikia hapo ni buibui tu!"

Akarudia tena na tena, hadi sauti yake ikafika mlangoni na mama akapiga makofi.

Jumapili kanisa lilijaa. Woga ukamrudia Eveline kama siku ile. Safari hii hakuomba woga uondoke. Alisema moyoni, "Bwana, naogopa, lakini nipo. Kaa nami."

"Eveline," mchungaji aliita. "Tunapomwomba Mungu chakula cha kila siku, tunamwomba nini?"

Alianza vizuri. Kisha, katikati ya jibu, maneno yakapotea. Nyuma mtu akakohoa. Mwingine akacheka chini chini. Eveline alibana viganja vyake, akavuta pumzi.

"Mchungaji, naomba nianze tena."

Mchungaji akaitikia kwa kichwa. Eveline akaanza upya, polepole, akilitazama lile benchi la mwisho, alipoketi mama. "Tunamwomba kila kitu mwili unachohitaji. Chakula na nguo, nyumba, afya, majirani wema." Kisha akaongeza, "Na watu wa nyumbani wanaotujali."

"Amina!" usharika ukaitikia.

Nje, Bupe alimrukia shingoni. "Umefaulu! Umesikika hadi barabarani!"

Eveline alimgeukia mama yake. "Mama, woga haukuondoka hata kidogo. Ina maana Mungu hakunijibu?"

"Jumatano ulisimama kama nguzo," mama akasema. "Leo umesahau mbele ya watu wote hawa, ukaomba kuanza tena, ukamaliza. Hilo si jibu? Kuogopa si dhambi, mwanangu, wala si kukosa imani. Imani ni kumpelekea Mungu woga wako jinsi ulivyo, kuwaambia wanaokupenda, kula, kujifunza, kisha kwenda pale pale unapopaogopa ukijua huendi peke yako."

Wakati huo binti mdogo wa darasa la kipaimara la mwaka wa kwanza alimvuta Eveline gauni.

"Dada, eti uliogopa?"

"Sana," Eveline akajibu bila kuona haya. Akamshika mkono. "Njoo nikueleze nilivyofanya."