Mesaji Iliyobeba Jina la Profesa Esdras

Miaka ile ya vita, asubuhi ya muji wa Lushebere, mu Masisi, ilianza na maharagi. Mama Euphrasie alikuwa anayapepeta mbele ya nyumba. Bwana yake, Papa Evode, alikuwa anachonga mupini wa jembe.

Nyumba yao iko karibu na kanisa. Kwa sababu ile, wakubwa wa muji walimupa Euphrasie kazi moja: kugonga janti. Ni chuma cha gurudumu la kamyo, kinaning'inia kando ya kanisa. Kikilia, watu wanajua vita imekaribia. Hawaulizi kitu. Wanabeba watoto, wanapanda mulima. Mara mbili walinzi wa barabara walimupa habari, Euphrasie akagonga, na mara mbili watu walipona.

Siku ya Mungu moja, baada ya misa, udongo ulitetemeka kidogo. Sahani zikalia, kuku zikaruka. Kesho yake, simu ya Euphrasie ikapokea mesaji ya sauti, katika kundi la WhatsApp la mama wa kanisa:

"Profesa Esdras Sebarenzi, ule anayehesabu mitetemeko na ordinatere, ile kompyuta yake, anasema: leo saa nane ya muchana Masisi yote itaanguka! Tokeni mu nyumba! Mutumie wengine!"

"Nani aliituma?" Evode akauliza.

"Mama mumoja wa kundi."

"Na yeye aliitoa wapi?"

"Evode! Masasi ya bunduki ikilia, wewe unaiomba kwanza karte ya uchaguzi, ujue jina lake?"

Evode akacheka. Alipomaliza kucheka, bibi yake Euphrasie alikuwa amefika kwenye janti. Akagonga. Akagonga tena.

Mujukuu wangu unayesoma, nikutegee kitendawili kidogo: anavuka milima bila miguu, amevaa koti la mukubwa, lakini ukimuuliza baba yake, hamujui. Ni nani? Ni habari isiyo na mwenyewe.

Watu wote wakapanda; njiani Euphrasie akawaelezea ile mesaji. Mvua ikawakuta kule juu. Saa nane ikapita. Saa tisa. Saa kumi. Udongo ulinyamaza kimya.

"Ule profesa ni muongo!" mumoja akapiga kelele.

"Si muongo," Muhindo, mwenye pikipiki, akajibu. "Ni mwizi. Ametutoa mu nyumba, saa hii iko mu chungu changu, anakula viazi vyangu."

Watu wakacheka, wamelowa. Kavuo peke yake hakucheka. Kavuo alitoka Butembo, anauza chumvi na sabuni karibu na barabara. Alikuwa amezaa tangu siku kumi. Kikwembe alichofunikia mutoto kilikuwa kinatoa maji.

Kesho yake mutoto akaanza kupumua mbiombio, mbavu zinaingia ndani. Kavuo akamukimbiza kwenye kituo cha afya. Walibaki pale siku ine. Mungu akasaidia, dawa ikasaidia, mutoto akapona.

Euphrasie akawapelekea supu. Kavuo akaipokea mulangoni, hakumuambia aingie.

"Asante, Mama. Lakini nikuambie mbele ya macho. Siku ingine ukigonga, mimi nitabaki mu kitanda na mutoto wangu."

Euphrasie akageuka. Alirudi nyumbani anaangalia chini. Tangu siku ile alipita njia ya migomba kwenda kuchota maji, asikutane na muntu. Hakuogopa kuchekwa. Aliogopa lile neno. Vita ikikuja kweli, na Kavuo abaki mu kitanda, ni nani atakuwa amemuua?

Juma lililofuata, Carmel akafika. Ni binti wa jirani yao. Kazi yake ni kuangalia vyombo vinavyozikwa chini ili kupima mitetemeko. Kimoja kiko nyuma ya kanisa.

"Carmel, karibu!" Evode akaita. "Ukimutafuta Mama Euphrasie, iko nyuma ya mahindi. Amegeuka panya, anakimbia watu."

Euphrasie akatoka, haya imemushika. Akaeleza yote, hakuficha hata ile supu. Kisha akauliza: "Ile ordinatere yenu, njo ilidanganya?"

"Hapana, Mama. Haikusema kitu. Sikia. Ukitupa jiwe mu maji, mawimbi yanakwenda pande zote. Udongo nao ni vile. Chombo cha hapa kinaandika saa mawimbi yalipofika hapa. Cha kule kinaandika saa ya kule. Ordinatere inalinganisha zile saa, inahesabu mutetemeko ulianzia wapi, chini kiasi gani, na kwa nguvu gani. Inaweza pia kukadiria udongo gani utatikisika sana siku ikifika."

"Na ile siku?"

"Siku na saa, hakuna muntu duniani anayejua. Muntu akikupa saa, hapo hapo ujue anadanganya."

"Na ule profesa?"

Carmel akatoa simu. Akaandika jina. Wakatokea Esdras Sebarenzi wawili.

"Huyu anatafiti magonjwa ya mihogo. Huyu, mitetemeko. Majina yanafanana, kwa hiyo jina peke yake halitoshi. Watafiti wengi wako na nimero, tarakimu kumi na sita, ya muntu mumoja tu. Sawa karte ya uchaguzi."

Evode akakohoa. Euphrasie akamuangalia vibaya.

"Nimero inafungua ukurasa wake," Carmel akaendelea. "Anafundisha wapi, ameandika nini, mwaka gani. Soma wewe mwenyewe, Mama."

Euphrasie akasoma polepole, na kidole. Hakukuwa na siku. Hakukuwa na saa nane. Kulikuwa na andiko moja juu ya nyumba za bondeni. Carmel akaligeuza mu Kiswahili: udongo laini unatikisika kuliko mwamba, mawe yanayowekwa juu ya mabati yanaanguka na kuua watu, yaondolewe, mabati yafungwe na waya na misumari.

Euphrasie akamurudishia Carmel simu. "Muntu anatafuta namna ya kutuponesha," akasema, "na mimi nimemufanya mwizi wa viazi."

Siku ya Mungu, baada ya misa, akasimama mbele ya watu.

"Profesa hakusema vile; aliandika tuondoe mawe juu ya mabati. Ni mimi niligonga bila kuuliza. Janti ni ya vita tu, na walinzi wa barabara njo wananiambia. Mesaji ya udongo, tutauliza kwanza: nani alisema, ukurasa wake uko wapi, ameandika nini. Munisamehe."

Hakuna aliyepiga makofi. Lakini muchana ule Muhindo akapanda juu ya nyumba yake na kushusha mawe. Wengine wakafuata. Euphrasie mwenyewe akanunua waya ya mabati ya Kavuo, Evode akaifunga.

Miezi miwili ikapita. Asubuhi moja udongo ukatetemeka kwa nguvu. Kuta tatu zikapasuka. Hakuna jiwe lililoangukia muntu.

Muchana, Kavuo akafika mbele ya nyumba ya Euphrasie. Simu ilikuwa mukononi.

"Mama, imefika mesaji ingine. Inasema kesho saa tatu. Kuna jina la daktari mumoja mukubwa." Akakaa kwenye mukeka bila kualikwa. "Tumutafute pamoja. Mushike mutoto kwanza."

Na akamuwekea mutoto mikononi.