Jina Lililorudi Kwenye Diski

Diski ilianza kukwaruza kabla fundi Gicheru hajaichomeka kwenye umeme. Kavata aliisikia akiwa ameipakata kwenye duka la kompyuta mjini Mwingi, mchana wa jua kali mwaka wa 1998, akadhani ni panya chini ya meza.

Alikuwa karani wa kanisa moja kule Mutomo. Mchwa walipoanza kula vitabu vya ubatizo na mazishi, yeye na Pasta Muthama walikaa miezi minne wakiviingiza kwenye kompyuta, kisha pasta akavichoma. Radi ikaua kompyuta hiyo, ikabaki nakala moja tu kwenye diski ya nje. Na Jumatatu iliyopita, akitaka kuformat disketi tupu, Kavata alikosea herufi moja ya amri, akaifuta diski nzima. Watu wangekosa hata karatasi ya kuonyesha kwamba walizaliwa.

Gicheru alimtuliza. Kuformat, alisema, ni kung'oa ukurasa wa yaliyomo tu. Kurasa nyingine huwa zimo bado. Akawasha programu yake, na majina yakaanza kupanda kwenye skrini, mwaka baada ya mwaka, hata Kavata akatokwa na machozi.

Ndipo dukani kukaingia harufu ya udongo uliolowa. Mvua ilikuwa na miezi saba haijanyesha.

Kwenye mazishi ya 1961, katikati ya majina mawili aliyoyajua, palikuwa na mstari ambao Kavata hakuwahi kuuandika: *Mbinya binti Kiema. Hakuombewa.* Gicheru aliufuta. Ukarudi.

"Fundi, umeandika wewe?" Kavata akanong'ona.

"Mama, mimi nimetoka Murang'a. Huyo Mbinya nimjulie wapi?"

Kavata hakumwamini, na Gicheru naye alimtazama kana kwamba ni yeye Kavata anayeficha jambo. Lakini njiani kurudi nyumbani Kavata akakumbuka. Kitabu cha 1961 ndicho pekee ambacho pasta hakumruhusu kukishika. Alikisoma mwenyewe kwa sauti, yeye akapiga chapa. Tena ndicho alichokichoma kwanza.

Asubuhi aliiweka diski kwenye meza ya pasta, bila waya wowote, akamwambia lile jina. Pasta Muthama hakuuliza limetoka wapi. Alisema tu, "Iformat tena."

"Pasta, Mbinya ni nani?"

Diski ikaanza kukwaruza, polepole, kama kucha moja juu ya ubao, kisha kucha mbili, kisha mikono mizima, na harufu ile ya udongo ikapanda kutoka sakafuni ikajaza ofisi mpaka Kavata akahisi vumbi kwenye ulimi wake, huku pasta akiitazama diski kama mtu anayemtazama mgeni aliyemngoja miaka mingi.

"Alikuwa mpishi wa nyumba yetu," akasema. "Alikuwa akianguka na kutoa povu. Wakasema ana jini la kununuliwa Mombasa. Siku moja akaanguka asiamke, baba akaniambia nichimbe."

Akaweka kiganja juu ya diski.

"Nikiwa nafukia, nilimsikia akikwaruza mbao za jeneza. Baba akasema ni jini linatumia mikono yake. Nikaendelea kufukia."

Kukwaruza kukakoma papo hapo.

Chifu aliruhusu kaburi lifukuliwe. Mifupa ilikutwa imelala kifudifudi, magoti yamekunjwa, mgongo umebana mbao kama wa mtu anayesukuma mzigo. Washirika walimwombea, wakamzika upya kwa heshima mbele ya jamaa zake, na Kavata akaliacha jina lake palepale lilipojiandika.

Muthama alijiuzulu, akarudi shambani. Tangu hapo hawezi kulala penye mlango uliofungwa, hivyo mkewe Mutindi huuacha wazi kila jioni na kuuegemezea jiwe. Asubuhi majirani hulikuta jiwe uani, na mlango umefungwa kwa nje.